Visanduku Vitupu vya Saa Nane Usiku

Nina daftari la mistari lililobaki kutoka chuo. Kurasa za mwanzo ni noti za takwimu, kwa mwandiko wa mtu anayeamini atamaliza. Halafu kuna ukurasa umechanwa, na kuanzia hapo hakuna tena masomo. Kuna jedwali nililochora kwa kalamu ya bluu: saa upande wa kushoto, na juu yake maneno saba. Dawa. Joto. Presha. Maji. Chakula. Kugeuzwa. Kuoshwa. Hilo lilikuwa jedwali la cucu.

Cucu alipigwa na kiharusi mwaka ule ule niliotoka chuoni kwa kukosa karo, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa na muda. Ugonjwa ukiingia nyumbani, familia hutafuta kwanza yule asiye na kazi. Alilazwa katika hospitali moja kwenye barabara hii yetu inayozunguka mlima kutoka Embu kwenda Meru. Sitaitaja jina. Nimeongea na watu waliolaza wagonjwa wao katika hospitali nyingine, na hadithi ni ile ile, tofauti ni rangi ya kuta.

Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, hangeweza kujigeuza. Tata, shangazi yangu, alishika zamu ya mchana, akija na uji kwenye chupa ya chai. Mimi nilishika usiku, nikiwa na muguka mfukoni wa kunizuia kulala. Usiku wa pili ndipo niliisoma chati iliyokuwa miguuni pa kitanda. Safu ya joto ilisema 36.5. Chini yake 36.5. Chini yake tena 36.5. Mara sita mfululizo, na mojawapo ilikuwa ya saa nane usiku wa kuamkia siku ile. Sasa, saa nane usiku ule mimi nilikuwa macho, nimekaa kwenye benchi, kichwa kinagonga kwa muguka. Hakuna aliyekuja. Naapa hakuna aliyekuja.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikafanya kitu kimoja tu ambacho chuo kilinifundisha: nikahesabu. Wodi ilikuwa na wagonjwa 38. Usiku ule kulikuwa na nesi mmoja, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitafuta kanula kwenye droo tangu jioni. Tuseme kumpima mgonjwa joto, mapigo, pumzi na presha, kisha kuandika, ni dakika kumi. Wagonjwa 38 ni dakika 380. Yaani saa sita na dakika ishirini kwa mzunguko mmoja. Zamu ya saa kumi na mbili inadai mizunguko mitatu. Hiyo ni saa kumi na tisa za kazi ndani ya usiku wa saa kumi na mbili, na bado hujatoa sindano hata moja, hujabadilisha dripu, hujageuza mtu, hujampokea mgonjwa mpya anayeletwa saa saba na boda aliyegongwa naye.

Kwa hivyo ile 36.5 ilikuwa uongo, na ukweli haungewezekana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, vipande vipande, kwenye simu, historia ya watu waliojaribu kuhesabu kile ambacho hakikufanyika. Ni historia ngeni kidogo. Hospitali zimekuwa zikihesabu tangu zamani: vitanda, vifo, watoto waliozaliwa, chupa za dawa. Lakini vyote hivyo ni vitu vilivyopo. Unahesabuje mgonjwa ambaye hakugeuzwa? Asubuhi anaonekana sawa na aliyegeuzwa. Tofauti huja wiki ijayo, kidonda kikishafunguka mgongoni, na wakati huo nani anakumbuka ni usiku gani?

Mtu wa kwanza wa kutajwa ni Florence Nightingale, ingawa jina lake limetumiwa vibaya sana kwenye hotuba za siku ya manesi. Sisi tumefundishwa kuhusu taa. Hatukufundishwa kwamba alikuwa mtu wa takwimu, aliyerudi kutoka vita vya Crimea na kuchora michoro ya kuonyesha kwamba maradhi yanaua wanajeshi kuliko risasi. Mwaka 1859 alitoa kitabu kidogo kuhusu uuguzi, na ndani yake kuna sura nzima juu ya usimamizi wa mambo madogo. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kazi nzuri unayoifanya ukiwa hapo ni bure kama hujapanga ifanyike pia wakati haupo. Alikuwa anaongea juu ya pengo. Nani anafungua dirisha nesi akiwa amelala? Nani anampa mgonjwa maji? Ila Nightingale aliamini pengo linazibwa kwa mpangilio mzuri wa muuguzi mwenyewe. Mzigo wote ukabaki juu ya mwanamke mmoja mwenye bidii, na kwa karibu miaka mia na nusu tuliuacha hapo hapo.

Kisha, mwaka 2001, Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha majibu ya manesi zaidi ya 43,000 kutoka hospitali zaidi ya 700 katika Marekani, Kanada, Ujerumani, Uingereza na Scotland. Katikati ya maswali mengi juu ya uchovu na mishahara kulikuwa na swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: katika zamu yako ya mwisho, ni kazi gani zilihitajika na hukuzifanya kwa kukosa muda? Unaona lilivyoulizwa? Halisemi ulikosea wapi. Linauliza nini kilibaki.

Miaka mitano baadaye Beatrice Kalisch wa Chuo Kikuu cha Michigan aliingia katika hospitali mbili za Marekani akakaa na vikundi 25 vya manesi na wasaidizi wao, akawaacha waongee. Yaliyotoka yalikuwa mambo tisa yanayorukwa kila siku: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumfundisha, kumwandaa kwenda nyumbani, kumfariji, kumsafisha, kuandika maji yanayoingia na kutoka mwilini, na kumwangalia hali yake. Nilipoisoma orodha hiyo nilitoa daftari langu. Jedwali langu la maneno saba, lililochorwa na mtu asiyejua lolote kuhusu uuguzi, na orodha ya profesa wa Michigan, vilikuwa ndugu.

Lakini kilichonishika zaidi ni sababu walizozitaja. Uchache wa watu ulikuwepo, bila shaka. Kulikuwa pia na kazi kuchukua muda mrefu kuliko ilivyokadiriwa, na kugawana kazi vibaya. Halafu zikaja zile zinazouma: mazoea, "hiyo si kazi yangu", na kukataa kuona. Ukiruka kumgeuza mgonjwa leo na hakuna kinachotokea, kesho unaruka kwa urahisi zaidi. Baada ya mwaka hujui tena kwamba unaruka. Mambo haya manesi waliyasema wenyewe. Hakuna mwanasiasa aliyewasemea. Mwaka 2009 Kalisch na mwenzake Williams waligeuza mazungumzo yale kuwa dodoso rasmi lenye orodha ya kazi 24, ambalo limetafsiriwa na kutumika katika nchi nyingi tangu hapo.

Na usidhani ni tatizo la maskini. Uingereza, pale ambapo nusu ya manesi ninaowafahamu kwenye simu wanatamani kwenda, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwauliza manesi 2,917 katika hospitali 46. Asilimia 86 walisema kuna angalau kazi moja muhimu waliyoiacha katika zamu yao ya mwisho. Iliyoachwa na wengi kuliko zote ilikuwa kuongea na mgonjwa na kumfariji. Inaeleweka. Kuongea hakuna chati. Hakuna mkubwa atakayekuja asubuhi kuuliza mbona hukukaa dakika tano na mzee wa kitanda cha 12.

Hapa ndipo ujanja wa kupima unaanza kuwa mgumu, na mimi ndipo ninaponogewa, nivumilie. Ukiwauliza manesi, unategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka, tena anayeogopa kwamba karatasi ile itafika kwa bosi. Ukisoma mafaili, utakutana na 36.5. Ukiwauliza wagonjwa, watakwambia walivyojisikia, ila mgonjwa hajui kwamba alipaswa kupimwa mapigo kila baada ya saa nne. Cucu hakujua. Yeye alimwombea nesi kila asubuhi. Njia iliyobaki ni mtu kukaa pale na kutazama, saa baada ya saa, na njia hiyo ni ghali, inachosha, na ina aibu yake: mtu akijua anatazamwa hubadilika. Hata mimi, tata alipokuwa akiingia wodini, ghafla nilikuwa mlezi mwema kupindukia.

Njia hiyo ngumu ndiyo iliyotumika Nairobi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, wakishirikiana na wenzao wa Oxford, walichagua kuanza na watoto wachanga wagonjwa, wale wa kilo mbili, kilo moja na nusu, wanaolala kwenye inkubeta na hawawezi kulalamika. Kabla ya kuhesabu chochote walikuta shida ambayo sikuitarajia: hapakuwa na makubaliano juu ya nini hasa kilipaswa kufanyika. Kila nesi alijua moyoni, kila hospitali ilikuwa na mazoea yake, lakini huwezi kusema kitu kimekosekana kama hujaandika kwamba kilitakiwa. Kwa hivyo kwanza waliwakutanisha wataalamu, manesi wa watoto wachanga wakiwemo, wakakubaliana: mtoto mgonjwa kiasi hiki apimwe mara ngapi, alishwe mara ngapi, nani afanye. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Georgina Murphy, ilichapishwa mwaka 2018. Kwenye karatasi inaonekana kama urasimu tu. Mimi naiona kama siku ambayo mtu hatimaye alichora jedwali kabla ya kumlaumu nesi kwa visanduku vitupu.

Kisha wakatazama. Watoto 216, katika hospitali sita za Nairobi, za umma, za misheni na za binafsi. Waangalizi walikaa wodini na kuandika kila kilichofanyiwa mtoto na kila kilichorukwa. Matokeo, yaliyoandikwa na David Gathara na wenzake katika jarida la BMJ Quality & Safety mwaka 2020, hayakumshangaza yeyote aliyewahi kulaza mtu: sehemu kubwa ya huduma iliyotarajiwa haikutolewa, hospitali za umma zikiwa nyuma, na kadiri watoto walivyoongezeka kwa kila nesi ndivyo huduma ilivyopungua. Mtoto mmoja zaidi, huduma kidogo pungufu. Ni kama kugawa githeri kwenye sahani nyingi kuliko ulizopikia. Hakuna siri. Lakini sasa ilikuwa namba, na namba ina tabia moja ambayo malalamiko hayana: unaweza kuipeleka kwenye kikao cha bajeti na haitaambiwa ina kiburi.

Kuna jambo jingine watafiti wa kundi hilo hilo waliliona, akina Jacinta Nzinga na Jacob McKnight, ambao hawakwenda kuhesabu bali kukaa na kuelewa. Waliona kazi za nesi zikihama kimya kimya kwenda kwa wengine, kwa mama wa mtoto, kwa mwanafunzi, kwa yeyote aliye karibu. Hakuna waraka uliosema hivyo. Mama anaonyeshwa mara moja jinsi ya kumlisha mtoto kwa mpira, na kuanzia hapo yeye ndiye mlishaji. Na manesi wenyewe wamejipangia, kwa pamoja, kipi kinakuja kwanza: sindano na dawa mbele, mengine yakipatikana. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanagawa kidogo kilichopo ili wasiwe wazimu.

Hapo nilisimama kusoma. Kwa maana, ukiondoa mtoto ukaweka bibi wa miaka 79, hiyo ndiyo ilikuwa wodi yetu. Usiku wa kwanza sista aliniita, akanionyesha namna ya kumgeuza cucu bila kumvunja bega: mkono mmoja begani, mmoja kiunoni, mto katikati ya magoti. "Kila masaa mawili, kijana," akaniambia, "mara kulia, mara kushoto. Usimwache alalie mgongo." Alinionyesha mara moja tu. Nilidhani ananisaidia mimi. Kumbe nilikuwa nimeajiriwa.

Sasa swali la mwanahistoria, hata aliyeacha chuo: tulifikaje kwenye nesi mmoja kwa watu 38?

Upande wetu wa mlima hospitali zilikuja na misheni. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Scotland alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Wamethodisti wakawa na hospitali yao Maua, Wakatoliki wa Consolata wakawa Nkubu. Serikali nayo ikajenga za kwake katika makao ya wilaya. Chogoria ina sifa nyingine inayonifurahisha: miaka ya 1980 ilijulikana mbali kwa mpango wake wa uzazi uliofika hadi vijijini, ambapo matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa juu sana kuliko wastani wa taifa. Yaani watu walishakuja huku kutuhesabu zamani. Walihesabu watoto ambao hatukuzaa. Hakuna aliyefikiria kuhesabu mashuka ambayo hayakubadilishwa.

Embu, kwa kuwa makao ya Mkoa wa Mashariki, ilipata hospitali kuu ya mkoa. Ukisikia wazee wakisema "Provincial", wanamaanisha hapo, hata kama leo inaitwa Level Five. Na taifa lilikuwa na manesi wa kujivunia. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa mkuu wa uuguzi nchini, alichaguliwa mwaka 1981 kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mtu wa kwetu Kenya aliongoza manesi wa dunia, na sidhani kama umewahi kumwona kwenye mtihani wowote wa shule.

Halafu yakaja yale masharti ya wakopeshaji. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Katika miaka ya tisini ajira serikalini zikafungwa, za afya zikiwemo. Elewa maana yake: vyuo viliendelea kufundisha manesi, hospitali ziliendelea kuwa na wodi zisizo na manesi, na katikati palikuwa na mlango uliofungwa. Nesi aliyestaafu hakurithiwa. Ilipofika 2005 hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuhitaji mpango wa dharura wa kuajiri, uliolipiwa kwa pesa za wafadhili. Tatizo hilo halijaisha. Hata sasa namfahamu kijana wa Runyenjes mwenye diploma ya uuguzi na leseni, anayeuza viatu vya mitumba. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka wahudumu wa afya huko. Hospitali zao zina visanduku vitupu, zetu zina visanduku vitupu, na sisi ndio tunaosafirisha.

Mwaka 2013 afya ikahamia kaunti. Wazee waliokumbuka katiba ya majimbo ya 1963 walisema hatimaye imerudi. Mimi sina ugomvi na ugatuzi. Mashine za figo zilifika karibu na kwetu, barabara ya hospitali ikawekwa lami. Lakini mashine ina siku ya kuzinduliwa, ina utepe wa kukata na gavana wa kuukata. Nesi wa pili wa usiku hana utepe. Huwezi kupiga picha naye ukasema huyu ndiye mgonjwa ambaye hakupata kidonda.

Na kama bado kuna anayeuliza manesi wanafanya nini hasa, tulijibiwa mwaka 2017. Walianza mgomo tarehe 5 Juni na kurudi tarehe 2 Novemba. Siku mia na hamsini. Mapema mwaka huo huo madaktari walikuwa wametoka kwenye mgomo wao wa siku mia moja, na siku zile wodi nyingi zilikuwa bado zinapumua kidogo. Manesi walipotoka, zilifungwa. Nilikuwa shule ya upili. Nakumbuka mama mmoja wa kijijini kwetu akipelekwa kujifungua hospitali ya misheni kwa pesa za ng'ombe. Katika lugha ya Kalisch, ile ilikuwa asilimia mia ya huduma iliyokosekana, na hata hivyo sijawahi kusikia mtu akiiita kipimo. Tuliiita siasa.

Nina wasiwasi mmoja na vipimo hivi, nao siwezi kuuficha. Chombo cha kupima kinaweza kugeuzwa fimbo. Namba ya Nairobi inasema ongeza manesi, lakini meneja mwenye haraka anaweza kuisoma kama manesi wanaacha kazi, na hatua ya kwanza ikawa kuongeza fomu ya kujaza. Kila fomu mpya ni dakika zinazotoka mahali fulani, na zinatoka pale pale, kwenye kugeuza na kuongea. Ile 36.5 yenyewe ni mtoto wa fomu. Nesi wa cucu aliiandika kwa sababu kisanduku kitupu kina adhabu na kisanduku cha uongo hakina. Angeacha nafasi wazi, angeulizwa yeye. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini alikuwa peke yake.

Siku ya nne nilimwonyesha jedwali langu. Sijui nilikuwa nategemea nini. Labda nilitaka aone aibu. Alilichukua daftari, akavuta miwani chini ya pua, akasoma safu moja baada ya nyingine kwa makini kuliko mhadhiri yeyote aliyewahi kusoma kazi yangu. Akagusa kidole pale kwenye usiku wa pili.

"Hapa saa nane sikuja," akasema.

"Hukuja, sista."

"Nilikuwa na yule mama wa kitanda cha tatu. Alikufa saa tisa." Akanirudishia daftari. "Uandike na hilo."

Sikuwa na safu ya hilo. Nililiandika pembeni, kwa herufi ndogo, na bado lipo: kitanda 3, saa tisa.

Cucu alitoka baada ya siku kumi na sita, akiwa na kidonda mgongoni, chini karibu na mkia wa uti, cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Tata alikiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi kama alivyoelekezwa na kliniki, na kilichukua zaidi ya miezi minne kufunga. Jamaa waliokuja kumwona walisema manesi wa siku hizi hawana huruma. Tata aliitikia. Mimi nilinyamaza, na nilikuwa na sababu yangu.

Usiku wa sita muguka uliisha saa sita. Nilimgeuza cucu upande wa kushoto, nikasema nafumba macho dakika tano. Nilipoyafumbua kulikuwa kumepambazuka, mfagiaji anapiga ndoo yake kwenye mlango, na cucu alikuwa ameserereka amelalia mgongo, ananitazama bila kusema kitu, maana alikuwa hawezi. Saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili: visanduku vitatu vitupu katika safu ya kugeuzwa. Tata alikuwa njiani, na alikuwa na tabia ya kulisoma daftari akifika, kabla hata hajaweka chupa ya uji chini.

Nilitoa kalamu ya bluu. Niliandika kulia, kushoto, kulia.

Maneno hayo bado yapo kwenye ukurasa, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa usiku mwingine wowote.